Jani la mbuni linaweza kukuambia uongeze mbolea au uache? Fahamu vihisi mwanga vinavyopima kijani cha majani

Mkulima wa kahawa akinunua mfuko wa UREA au CAN, mara nyingi kuna jambo moja ambalo hana uhakika nalo: je, mibuni yake inaihitaji mbolea hiyo kwa sasa? Anaweka kwa sababu mwaka jana aliweka, au kwa sababu jirani ameweka, au kwa sababu fedha za msimu zimeingia na wakala wa pembejeo bado ana mzigo. Ikiwa shamba lilikuwa na njaa, atavuna zaidi. Ikiwa halikuwa na njaa, fedha zake zimeoshwa na mvua.

Tunatangaza kutoka Buguruni, Dar es Salaam, na hapa kwetu hakuna shamba la kahawa. Lakini sehemu kubwa ya mbolea ya nchi hii huingilia bandari ya Dar es Salaam, na malori yanayoipeleka bara hupita Barabara ya Mandela, jirani kabisa na soko letu. Kila kilo ya mbolea inayopita hapa imelipiwa meli, bandari na lori kabla haijafika Mbozi, Mbinga, Tarime, Karagwe au Rombo. Ndiyo maana bei ya mbolea duniani ilipopanda, Serikali ilianzisha mpango wa ruzuku, uliozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022. Ruzuku inapunguza bei ya mfuko, lakini haikuambii shamba lako linataka mifuko mingapi.

Siku hizi vinazungumzwa vifaa vinavyopima kijani cha jani kwa kutumia mwanga na kutoa namba papo hapo. Wengine wanasema simu tu inatosha. Katika makala haya tunaeleza vifaa hivyo vinafanyaje kazi, vinaweza kusema nini na haviwezi kusema nini, na njia ambayo mkulima mdogo anaweza kuifuata hata kama hana kifaa chochote.

Kwa nini naitrojeni, na kwa nini rangi?

Naitrojeni ndiyo kirutubisho ambacho mbuni hukihitaji kwa wingi ili utoe majani na matawi mapya. Na kwa kahawa, matawi mapya ya mwaka huu ndiyo yatakayobeba buni za mwaka ujao. Ukikosea leo, hasara unaweza kuiona msimu unaofuata.

Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo ndani ya jani hutumika katika shughuli ya kutengeneza chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Rangi ya kijani inayofanya kazi hiyo, ambayo shuleni tuliiita umbijani au klorofili, yenyewe ina naitrojeni ndani yake. Naitrojeni ikipungua, umbijani nao hupungua na jani hupauka. Mama muuza mchicha katika soko la Buguruni analijua hilo bila kifaa. Fungu la kijani kilichoiva hununuliwa asubuhi, na lililopauka hubaki mpaka jioni.

Tatizo la macho ni kwamba huchelewa. Jani likiwa limeshageuka njano, mmea umeshaishi na njaa kwa muda. Pia macho hudanganywa na jua kali, kivuli na uchovu. Kifaa kimetengenezwa ili kuona tofauti ndogo kabla jicho halijaiona.

Kifaa kinafanyaje kazi?

Umbijani hunyonya sana mwanga mwekundu. Kuna mwanga mwingine, ambao macho yetu hayauoni, unaoitwa infraredi. Huo umbijani haunyonyi. Hupita kwenye jani au hurudishwa nyuma. Kifaa hutuma aina hizo mbili za mwanga kwenye jani na kulinganisha kiasi kilichonyonywa. Jani lenye kijani kingi hunyonya mwekundu mwingi, na namba huwa kubwa. Jani lililopauka huachia mwekundu upite, na namba huwa ndogo.

Kuna makundi manne ya vifaa ambayo msikilizaji anaweza kuyasikia.

Kundi la kwanza ni kifaa cha kubana jani. Kinachojulikana zaidi duniani ni SPAD, kilichotengenezwa Japani na kampuni ya Minolta. Kinashikwa kwa mkono mmoja, kinabana jani kama kibanio cha nguo, na baada ya sekunde chache kinatoa namba. Jani halichumwi wala haliharibiki. Kifaa hiki kimeshatumika kwenye utafiti wa kahawa. Nchini Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu kahawa ya robusta ulionyesha kwamba namba ikishuka chini ya 40, jani huanza kushindwa kufanya kazi yake ya kutengeneza chakula vizuri.

Kundi la pili ni kifaa cha kuelekeza juu ya mimea, kama GreenSeeker, kilichotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani. Hiki hakigusi jani. Unatembea nacho juu ya mimea, nacho hurusha mwanga na kupima unaorudi. Kinafaa zaidi kwa ngano na mahindi machanga, mazao mafupi yaliyo sawasawa. Kwa mibuni mirefu iliyochanganyika na migomba, kazi huwa ngumu.

Kundi la tatu ni satelaiti. Satelaiti za Umoja wa Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha za dunia nzima na picha hizo ni za bure. Lakini doa dogo kabisa linaloonekana kwenye picha hizo lina upana wa mita 10 kwa 10. Fikiria kihamba cha Kilimanjaro au kibanja cha Kagera. Ndani ya mita 10 kwa 10 kuna migomba, mibuni chini yake, mgrevilea, na pengine kona ya paa la nyumba. Satelaiti inaona migomba juu na kusema shamba ni la kijani, huku mibuni iliyo chini ina njaa. Ongeza mawingu ya mlimani wakati wa masika, ambao ndio wakati unaotaka jibu. Kwa shamba kubwa la kahawa tupu satelaiti ina msaada. Kwa shamba mseto la mkulima mdogo, usiitegemee.

Kundi la nne ni kamera ya simu. Kuna programu za simu zinazosaidia wakulima kweli, kama Nuru ya PlantVillage, ambayo ilianza kwa kutambua magonjwa ya mihogo na inaweza kufanya kazi bila intaneti. Lakini kutambua madoa ya ugonjwa ni kazi tofauti na kupima kiwango cha kijani. Rangi kwenye picha ya simu hubadilika kwa jua, wingu, kivuli na aina ya simu yenyewe. Jani lile lile ukilipiga picha saa tatu asubuhi na saa nane mchana, simu inaweza kukupa rangi mbili. Mtu akikuuzia programu inayosema itakupa kilo za mbolea kwa picha moja ya jani la kahawa, muulize swali hili: imejaribiwa kwenye kahawa ya aina gani, na katika mkoa gani? Asipokuwa na jibu, tunza fedha yako.

Namba si kilo

Hapa ndipo wengi huteleza. Kifaa hakipimi mbolea. Hakipimi hata naitrojeni yenyewe. Kinapima kijani. Namba 52 haimaanishi weka gramu 52, wala haimaanishi shamba lina upungufu wa asilimia 52.

Ili namba igeuke kuwa ushauri wa mbolea, lazima watafiti wafanye majaribio katika udongo wa mahali husika, kwa aina ya kahawa inayolimwa hapo, wapime majani kwa kifaa na pia wayapeleke maabara, kisha waone mavuno. Kwa Tanzania, taasisi yenye jukumu la utafiti wa kahawa ni TaCRI, yenye makao makuu Lyamungo, wilayani Hai, na vituo vidogo katika mikoa mingine inayolima kahawa, kama Maruku mkoani Kagera, Ugano wilayani Mbinga na Mbimba wilayani Mbozi. Ushauri wa kiasi cha mbolea kwa eneo lako uanzie huko au kwa afisa ugani wako. Kifaa kije baadaye, kama msaidizi.

Usichanganye pia kipima jani na kipima udongo. Kipima udongo kinakuambia kilichomo ghalani. Kipima jani kinakuambia mmea umekula nini. Ghala linaweza kuwa limejaa na mmea ukawa na njaa kwa sababu ya ukame, mizizi iliyooza kwa maji kutuama, au udongo wenye tindikali nyingi.

Jani la njano linaweza kudanganya

Kabla hujalaumu naitrojeni, chunguza njano yenyewe iko wapi.

- Majani ya zamani, yaliyo ndani ya tawi, yakipauka yote kwa usawa huku machanga yakibaki na nafuu, hiyo ndiyo dalili ya kawaida ya njaa ya naitrojeni. Mmea huihamisha naitrojeni kutoka majani makuukuu kwenda kwenye machanga.
- Majani ya zamani yakiwa na njano katikati ya mishipa, na mishipa ikibaki kijani, shuku upungufu wa magnesi.
- Majani machanga ya kwenye ncha yakiwa njano na mishipa ya kijani, shuku upungufu wa chuma.
- Majani machanga yakipauka yote kwa usawa, inawezekana ni salfa.
- Ukigeuza jani ukaona unga wa rangi ya chungwa chini yake, hiyo ni kutu ya majani. Mbolea haitaiponya.

Katika hali zote hizi kifaa kitatoa namba ndogo, kwa sababu chenyewe kinaona kijani kimepungua tu. Hakijui sababu. Mkulima akikimbilia UREA wakati tatizo ni kutu, atapoteza fedha ya mbolea na majani yataendelea kudondoka. Ndiyo maana kifaa hakiondoi kazi ya macho na akili ya mkulima.

Njia inayofanya kazi: mibuni ya kulinganishia

Wataalamu wanaotumia vifaa hivi hawaangalii namba peke yake. Wanalinganisha. Njia hiyo inaweza kufuatwa na mtu yeyote.

Chagua mibuni mitano hadi kumi katika shamba lako, yenye afya, aina moja na umri mmoja na mingine. Ifunge kamba au utepe ili usiisahau. Mvua zikishatulia, ipe mibuni hiyo kiwango kamili cha mbolea kinachoshauriwa eneo lako, bila kupunguza. Hii ndiyo mibuni iliyoshiba. Subiri mwezi mmoja au zaidi mvua zikiendelea, kisha linganisha majani yake na ya sehemu nyingine ya shamba.

Kama una kifaa, hesabu ni hii. Gawanya wastani wa shamba kwa wastani wa mibuni iliyoshiba, kisha zidisha kwa 100. Mfano: mibuni iliyoshiba ina wastani wa 60, na shamba lina wastani wa 54. Ukigawanya 54 kwa 60 na kuzidisha kwa 100 unapata 90. Shamba liko kwenye asilimia 90 ya shibe. Kwa mahindi, watafiti wa Marekani walizoea kusema ikishuka chini ya asilimia 95, zao linahitaji naitrojeni. Kwa kahawa kichukulie kiwango hicho kama dokezo. Ukiwa kwenye 98, huna sababu ya kuharakisha mfuko mwingine. Ukiwa kwenye 88 na hakuna ugonjwa, mibuni inaomba chakula.

Kama huna kifaa, chuma majani machache kutoka pande zote mbili, yapange kwenye karatasi nyeupe kivulini, na mwite mtu mwingine atazame bila kumwambia yapi ni yapi. Asipoweza kutofautisha, shamba lako huenda halijakosa naitrojeni. Akiyatofautisha mara moja, umepata jibu bila kutoa shilingi.

Wakulima wa mpunga barani Asia hufanya jambo linalofanana na hili. Wana kibao cha plastiki chenye mistari ya kijani kuanzia hafifu hadi kilichokolea, kilichosambazwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, ya Ufilipino. Hulinganisha jani na kibao ndipo huamua kuweka UREA. Lakini kibao hicho ni cha mpunga. Kijani cha mbuni ni kingine, kwa hiyo usikitumie kwenye kahawa.

Jani lipi, na saa ngapi?

Ukipima hovyo, namba itakuwa hovyo. Fuata haya:

1. Chagua tawi linalozaa, katikati ya urefu wa mti.
2. Hesabu jozi za majani kutoka kwenye ncha ya tawi. Pima jozi ya tatu au ya nne. Yaliyo mbele ni machanga mno na yaliyo nyuma yamezeeka.
3. Pima pande zote za mti, si upande wa jua peke yake.
4. Bana katikati ya jani, kando ya mshipa mkubwa, usibane mshipa wenyewe.
5. Acha jani lenye madoa, lililoliwa na wadudu au lenye maji ya mvua au umande.
6. Pima majani yasiyopungua 30 kutoka mibuni mbalimbali, kisha tafuta wastani. Jani moja halisemei shamba.
7. Linganisha vinavyofanana. Mbuni wa kivulini usilinganishwe na wa juani. Aina za zamani kama N39 na KP423 usizichanganye na miche mipya chotara.

Kama shamba lako lina mteremko, pima juu na chini kando kando. Mara nyingi udongo mzuri umeshukia chini, na unaweza kukuta chini wameshiba na juu wana njaa.

Hesabu ya mfuko

Faida ya kupima inaonekana kwenye mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa UREA, yenye asilimia 46, una kilo 23 za naitrojeni. CAN yenye asilimia 26 ina kilo 13. SA yenye asilimia 21 ina kilo 10 na nusu, na juu yake ina salfa. Kwa hiyo ukilinganisha bei dukani, usiangalie bei ya mfuko tu. Gawanya bei kwa kilo za naitrojeni zilizomo.

Tuchukue mfano wa shamba lenye mibuni 500, na tuseme mkulima huweka gramu 100 za CAN kwa kila mti katika awamu moja. Huo ni mfano wa hesabu, si ushauri kwa shamba lako. Miti 500 mara gramu 100 ni kilo 50, yaani mfuko mzima. Naitrojeni hiyo hiyo kwa UREA ingepatikana kwa gramu 57 hivi kwa mti, karibu kilo 28. Sasa kama upimaji umeonyesha mibuni 250 ya chini ya mteremko imeshiba, awamu hii utahitaji nusu mfuko tu kwa ile ya juu. Nusu iliyobaki inaweza kuwa ada ya mtoto au dawa ya kutu.

Kupima kunaweza pia kukuambia uongeze. Mkulima anayenyima shamba kwa kuogopa gharama naye anapata hasara, kwa sababu mbuni wenye njaa na buni nyingi hukausha matawi na mwaka unaofuata hauzai vizuri. Na anayezidisha anapata majani mengi laini yanayovutia wadudu, huku UREA na SA zikiongeza tindikali kwenye udongo mwaka hadi mwaka.

Ukishajua, weka vizuri

Jibu sahihi likifuatwa na uwekaji mbaya halina maana. Weka mbolea udongo ukiwa na unyevu, si wakati wa kiangazi wala siku ya mafuriko. Igawe kwa awamu mbili au tatu ndani ya msimu wa mvua badala ya kuimwaga mara moja. Isambaze kuzunguka mti chini ya kivuli cha matawi, mbali kidogo na shina, kisha ifukie kidogo. UREA ikiachwa wazi juu ya udongo, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Mwombe mwenye duka akupimie gramu zako kwenye mizani mara moja, uweke alama kwenye kopo, na kopo hilo liwe kipimo chako.

Samadi, mboji na maganda ya kahawa yaliyooza virudishwe shambani. Naitrojeni yake hutoka polepole, na udongo wenye mboji huishika mbolea ya dukani isioshwe haraka.

Nani anunue kifaa?

Kifaa halisi cha kubana jani bei yake ni mamilioni ya shilingi. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hulimwa na wakulima wadogo, na kwa mwenye mibuni 300 kukinunua peke yake ni hasara. Lakini AMCOS yenye wanachama mamia inaweza kukijadili kwenye mkutano mkuu, ikakabidhi kwa afisa ugani au kijana mmoja aliyefundishwa, akazunguka kwa ratiba kabla ya kila awamu ya mbolea. Kabla ya kupitisha bajeti, wanachama waulize: nani atakitunza, nani atafundishwa, na namba zitatafsiriwa na mtaalamu gani? Kifaa kisicho na majibu hayo kitaishia kabatini kwa katibu.

Msikilizaji, huna haja ya kusubiri kifaa. Kabla ya mvua zijazo, chagua mibuni yako mitano ya kulinganishia, ifunge kamba, na uulize kiwango cha mbolea cha eneo lako kwa afisa ugani. Mwezi mmoja baada ya kuweka mbolea, mibuni hiyo itakuonyesha kama mfuko wa pili unahitajika.